Hodi Hupigwa Nje ya Mlango

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, asanteni kwa kuja. Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti amenionyesha saa yake mara mbili kabla sijapanda hapa, kwa hiyo salamu ndefu tutapeana baadaye.

Tarehe 11 Oktoba 2021, Mahakama ya Juu ya Norwei iliketi majaji kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja wakasema neno moja: vibali vya mashamba mawili ya mitambo ya umeme wa upepo katika rasi ya Fosen, Storheia na Roan, ni batili. Vimevunja haki ya wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, ya kuishi kwa utamaduni wao. Siku nane baadaye, tarehe 19 Oktoba 2021, majaji watatu wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru, Kenya, wakasema kwamba hati za ardhi ulipojengwa mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, zilipatikana kinyume cha Katiba na sheria.

Siku nane tu. Wasami wanafuga reindia, wale kulungu wa nchi za theluji. Warendille, Wasamburu na Waturkana wanafuga ngamia na mbuzi katika nchi ambayo mvua ni mgeni. Watu hawa hawajuani. Majaji wao hawakupigiana simu. Lakini ukizivua hukumu zile maneno ya kisheria, unabaki na lawama ileile: mliingia bila kupiga hodi.

Halafu kuna jambo la pili, na hilo ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza leo. Asubuhi iliyofuata hukumu, kule Fosen na kule Marsabit, mapanga ya mitambo yaliendelea kuzunguka. Yalizunguka wiki ile, mwezi ule, mwaka ule.

Kabla sijaenda mbali niseme msimamo wangu, asije mtu akanilisha maneno. Mimi si adui wa upepo. Makaa ya mawe na mafuta yametufikisha tulipo, na wanaotangulia kuumia kwa ukame na mafuriko ni watu ambao umeme wa makaa hayo haujawahi kuwawashia hata taa moja. Mtambo wa upepo ukishasimama hauchomi kitu, hautoi moshi, hauhitaji mto wa kuupoza. Ningependa kuona mingi zaidi. Ila mgeni kuwa msafi si sababu ya kuingia chumbani kwangu nikiwa nimelala.

Na nyinyi wenzangu mnaopinga, nanyi nina neno lenu, tena nalisema mapema kabla hamjaanza kunipigia makofi. Nimesikia kwenye majukwaa watu wakisema mitambo inaleta saratani, inaharibu mimba, inafukuza mvua. Acheni. Hakuna ushahidi wa mambo hayo, na siku wakili wa kampuni atakapoliinua dai hilo mbele ya jaji ataliangusha chini, na yale ya kweli mliyoyafungasha pamoja nalo yataanguka papo hapo. Ya kweli yapo na yanatosha. Upo mngurumo wa mapanga usiku, watu wanapotaka usingizi. Wako ndege na popo wanaogongwa. Ziko barabara pana za kupitishia mapanga marefu kuliko lori lolote mlilowahi kuliona. Na kiko kivuli. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, na mtambo ukawa katikati ya jua na nyumba yako, kivuli cha mapanga kinakatiza dirishani: mwanga, giza, mwanga, giza, kama mtoto aliyegundua swichi. Ujerumani wamekiwekea kipimo: nyumba isipate kivuli hicho zaidi ya saa 30 kwa mwaka, wala dakika 30 kwa siku. Hilo ni jambo la kupimika kwa hesabu za jua kabla hata shimo halijachimbwa. Dai linalopimika ndilo linalomtia mtu jasho mahakamani.

Sasa tujiulize kwa nini upepo unawaendea watu walewale kila mara. Jibu lina sehemu mbili, na ya kwanza ni ya fizikia. Nguvu iliyomo katika upepo haikui sambamba na kasi yake. Upepo wa mita 10 kwa sekunde hauna nguvu mara mbili ya upepo wa mita 5, una nguvu mara nane. Kwa hiyo mwekezaji hatafuti mahali penye upepo wa kuridhisha, anatafuta mahali ambapo upepo ni wazimu: shingo ya nchi kavu kati ya bahari mbili, vilele visivyo na miti, nyanda kame kando ya maziwa. Marsabit ni pa namna hiyo. Shingo ya nchi ya Tehuantepec kule Meksiko ni pa namna hiyo. La Guajira, ile rasi ya Kolombia wanakoishi Wawayuu, ni pa namna hiyo.

Sehemu ya pili ni ya historia. Mahali ambapo upepo ni wazimu, mahindi hayaoti vizuri na miji haijengwi. Wakoloni walipita wakaona hakuna cha kuchukua, wapima ardhi nao wakapita. Wakabaki wafugaji na wavuvi, na ardhi ikabaki ya wote, bila hati ya mtu mmoja, kwa sababu huwezi kukata vipande malisho yanayohama na mvua. Kisha anakuja mtu na ramani, anaangalia hapo, haoni paa la bati wala ua, anaandika neno moja: tupu.

Neno hilo ndilo ugomvi wote. Mfugaji akiiacha nyika miezi minane hajaihama, ameipumzisha. Amehifadhi malisho ya kiangazi, kama wewe unavyoacha akiba benki. Ukiniona siko kwenye benki yangu leo, je, fedha zangu ni za kuokota?

Tuingie Marsabit kwa karibu kidogo, maana ni kisa chenye mafunzo mengi na watu wengi wanakisimulia nusunusu. Mitambo ni 365, kila mmoja una kilowati 850, jumla megawati 310. Ni mradi mkubwa kwa kipimo chochote, na umeme wake Kenya inauhitaji, hilo sibishani nalo. Ardhi iliyotengwa ilikuwa ekari 150,000. Shamba la mitambo lenyewe limo ndani ya ekari 40,000. Hesabu inayobaki fanyeni wenyewe. Wakati huo, mwaka 2007, ardhi hiyo ilikuwa ya amana: baraza la serikali ya mitaa liliishika kwa niaba ya wakazi, na sheria iliweka njia ya kufuata kabla ya kuitenga kwa shughuli nyingine. Watangaziwe, wasikilizwe, fidia ijulikane. Mahakama iliipitia njia hiyo hatua kwa hatua, ikakuta imerukwa. Wakazi walifungua kesi mwaka 2014. Mitambo ikajengwa kesi ikiendelea. Hukumu ilipofika, miaka saba baadaye, mahakama haikuamuru kitu king'olewe. Ilitoa mwaka mmoja mambo yarekebishwe. Mwaka ukaisha. Mwaka 2023 mahakama ikakataa kuongeza muda, na rufaa zikafuata.

Tazameni mpangilio wa matukio hayo. Kesi ikianza kabla ya zege, jaji ana chaguo mbili. Zege likishamwagwa, jaji anajikuta anapima haki ya watu upande mmoja na taa za taifa zima upande mwingine, na mizani hiyo mnajua inakolalia. Kampuni zinalijua jambo hili kuliko sisi. Ndiyo maana mafundi wa ujenzi hawana likizo wakati kesi iko mahakamani.

Nyaya nazo zina kisa chao. Kutoka Loiyangalani, kule kwenye mitambo, hadi Suswa upande wa kusini ni kilomita 428 za laini ya kilovolti 400. Mitambo ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, laini ikakamilika Septemba 2018, na katikati hapo serikali ikadaiwa malipo ya umeme ambao haukuwa na pa kupita. Laini ilipowashwa, umeme ukaruka juu ya manyatta ukaenda zake kusini. Ukiuliza, fundi atakueleza, na atakuwa anasema kweli, kwamba huwezi kuning'iniza waya kwenye kilovolti 400 ukawasha taa ya chumbani. Kinatakiwa kituo cha kupoza umeme, kisha laini za msongo wa kati, kisha transfoma kijijini. Sawa. Lakini bajeti iliyoweza kusimamisha minara kilomita 428 haikushindwa na transfoma. Haikuombwa. Hakuna mtu mezani aliyekuwa na sababu ya kuiomba, na mwenye sababu hakuwa mezani.

Mzee pale mbele anatikisa kichwa, naona anafahamu ninachosema.

Watu wa vyuo vikuu wana jina la mambo haya, wanayaita haki ya nishati, na wanaigawa mara tatu: nani anapata na nani anabeba mzigo, nani aliketi mezani, na nani anahesabiwa kuwa mtu mwenye namna yake ya kuishi. Mimi naona ile ya tatu ndiyo mama wa zile mbili. Ukiwa hunioni, hutaniita mezani, na nisipokuwa mezani sitapata transfoma.

Niwape kisa kimoja cha kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa faili la mradi mmoja wa upepo, nisaidie kulisoma. Sitautaja mradi wala mwenye mradi. Faili lilikuwa nene, na kiambatisho cha mwisho kilikuwa na kichwa cha kupendeza: Ushahidi wa Ridhaa ya Jamii. Kurasa kumi na moja. Kila ukurasa una safu nne, yaani namba, jina, simu, sahihi. Wengi hawakuandika sahihi, waliweka dole gumba, wino wa buluu umesambaa nje ya mstari. Nikafurahi, nikasema hapa watu waliulizwa kweli. Kisha nikaona juu ya ukurasa wa kwanza kivuli chembamba cha mstari, kile kinachobaki karatasi inapobandikwa juu ya karatasi nyingine kabla ya kutolewa nakala. Kichwa kilikuwa kimebandikwa. Nikasafiri, nikawatafuta baadhi ya wenye majina. Mama mmoja aliitazama nakala, akalitafuta dole lake, akalipata, akacheka.

"Hii? Hii ilikuwa ya nauli."

Waliitwa mkutanoni, wakaambiwa wanaotoka mbali watarudishiwa nauli, wakaweka vidole. Karatasi ya mahudhurio ikalala usiku, ikaamka ridhaa.

Ndiyo maana napenda neno letu hodi kuliko maneno marefu ya mikataba ya kimataifa, ingawa mikataba hiyo tunaihitaji. Upo Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1989, unaotaka watu wa asili washauriwe kwa nia ya kupata makubaliano au ridhaa yao, na lipo Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili, linalozungumzia ridhaa iliyo huru, inayotangulia, na yenye taarifa kamili. Mtoto wa miaka mitano anayajua hayo yote. Hodi hupigwa nje ya mlango, hiyo ndiyo kutangulia. Ukishakuwa sebuleni umekunja nne, hodi yako ni kejeli. Anayepiga hodi hujitaja ni nani na anataka nini, hiyo ndiyo taarifa. Halafu husubiri. Na mwenye nyumba anaweza kusema leo hapana, na mgeni akaondoka bila kuvunja mlango, hiyo ndiyo kuwa huru. Mikutano mingi ninayoisikia ikiitwa ya ushirikishwaji ni mtu aliye sebuleni tayari akiuliza aweke wapi masanduku.

Na msidhani kutia saini mkataba mzuri kunamzuia mtu asiingie kwa mlango wa nyuma. Norwei ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuridhia Mkataba 169, mwaka 1990. Meksiko nayo iliridhia mwaka huohuo. Hata hivyo mwaka 2012, wakazi wa San Dionisio del Mar katika jimbo la Oaxaca, wavuvi wa Kiikoots, walilikalia jengo la manispaa yao walipogundua kwamba kiongozi wao ameidhinisha mradi wa mitambo 132, mingi yake kwenye ulimi wa mchanga wa Santa Teresa, katikati ya maji wanayovua. Ulimi huo ni mwembamba kiasi kwamba huwezi kuufikia uvuvi bila kuukanyaga. Walihofia taa na mtetemo vitawafukuza samaki. Walikwenda mahakamani, walifunga njia, na majirani zao Wazapoteki wakaungana nao. Mradi haukujengwa pale. Ulihamishiwa upande wa Juchitán, ambako vita nyingine ilianza, safari hii juu ya namna mashauriano yalivyofanyika.

Wapo watakaosema shida ni ardhi ya wote, mgawieni kila mtu hati yake na ugomvi utaisha. Kinangop inawajibu. Pale, katika nyanda za juu za Nyandarua, Kenya, watu ni wakulima, na mashamba ni ya mtu mmoja mmoja. Ilipangwa mitambo 38, megawati 60.8. Maandamano ya mwaka 2015 yakageuka makabiliano na polisi, mtu akauawa, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Hati haikuleta amani. Unapokodi shamba la mtu mmoja, upepo haujui mpaka wake, mngurumo haujui mpaka wake, kivuli nacho hakijui. Aliyekodisha anapokea hundi, jirani anapokea kelele. Ukitaka kuua kijiji bila kurusha jiwe, walipe kumi ukiwaacha mia.

Nawaambia na wawekezaji waliomo humu, maana naona wawili watatu nyuso nazifahamu, karibuni sana: kupiga hodi ni nafuu kuliko kutopiga. Mei 2023 kampuni ya Enel ilitangaza kuachana na mradi wake wa Windpeshi huko La Guajira, megawati 205, baada ya kazi kusimamishwa mara kwa mara na maandamano. Waulizeni wahasibu wao mkutano mmoja wa kweli ungegharimu kiasi gani.

Nirudi Fosen, kwa sababu niliwaacha mapanga yakizunguka.

Kabla ya hukumu ile, mahakama ya chini ilikuwa imeamua njia ya mkato: wafugaji walipwe fedha za kuwalisha reindia wao zizini wakati wa baridi, kwa kuwa malisho ya majira hayo ndiyo yaliyoliwa na mitambo. Mahakama ya Juu haikukubali kuutegemea mpango huo. Ukimfungia mfugaji mifugo zizini ukamletea chakula kwa lori, umemwachia wanyama ukamnyang'anya ufugaji. Nilipoisoma sehemu hiyo nilisimama nikazunguka chumba. Ni mara chache sheria inaona vizuri namna ile.

Kisha serikali ikakaa kimya. Ikasema inachunguza, inatafuta suluhisho, mambo ni magumu. Tarehe 23 Februari 2023, siku ya 500 tangu hukumu, vijana wa Kisami waliingia katika wizara ya mafuta na nishati mjini Oslo wakaketi sakafuni. Walikuwa wamevaa mavazi yao ya jadi, yale ya rangi kali na nakshi za kushona kwa mkono, lakini wameyageuza ndani nje. Mishono inaonekana, nyuzi zinaning'inia, nakshi imefichwa ngozini. Kwao hiyo ni ishara ya kupinga. Polisi waliwabeba, wengine wakaja, wakafunga milango ya wizara nyingine. Greta Thunberg alikuwa miongoni mwao, na hilo lilishangaza magazeti: mwanaharakati wa tabianchi anapinga mashine ya upepo! Mimi sikuona cha kushangaza. Wiki moja baadaye waziri wa nishati, kisha waziri mkuu mwenyewe, Jonas Gahr Støre, waliomba radhi, wakakiri kwamba haki za watu zilikuwa zinaendelea kukiukwa.

Mazungumzo yakafuata. Wafugaji wa kusini mwa Fosen waliafikiana na kampuni Desemba 2023, wa kaskazini Machi 2024. Makubaliano yanagusa malisho mengine ya majira ya baridi, fedha, na kauli yao kibali kitakapokwisha. Mitambo ipo palepale. Wengine wanasema huo ni ushindi, wengine wanasema ni kuchoka. Sijalala theluji moja na watu wale, kwa hiyo sitawahukumu. Nasema tu kwamba walikuwa na hukumu ya majaji kumi na mmoja mkononi, katika nchi tajiri yenye mahakama zinazosifiwa, na bado ilibidi watoto wao wakalale sakafuni mwa wizara ndipo waziri aseme samahani.

Kwa hiyo kazi yetu iko kabla ya zege. Na kabla ya zege kuna karatasi. Mniruhusu niwachoshe na karatasi dakika chache, najua si jambo la kushangiliwa.

Mkataba wa kwanza mtakaoletewa pengine hautaitwa wa kukodisha. Utaruhusu tu kupima upepo, mlingoti mmoja mwembamba wenye vikombe vinavyozunguka juu. Unaonekana hauna madhara. Someni ndani: mara nyingi humo pamefichwa haki ya kampuni kuchukua ardhi baadaye kwa masharti yaliyoandikwa leo, huku nyinyi mkizuiwa kuzungumza na mwingine yeyote. Miaka inapita, ardhi imefungwa, na anayeshika ufunguo anaweza kuuza mkataba huo kwa kampuni msiyoijua. Tafuteni kifungu cha kuhamisha mkataba. Aliyekunywa maji kwenu na kuwaita wazee huenda asiwe yeye mtakayemdai.

Halafu malipo. Mtaahidiwa asilimia ya faida. Neno faida lipigieni mstari. Kampuni inayomiliki mitambo huanzishwa kwa ajili ya mradi huo mmoja, na mama yake, yaani kampuni iliyoizaa, huikopesha fedha za ujenzi. Kila mwaka mtoto anamlipa mama riba, anamlipa ada ya usimamizi, anamlipa ada ya matengenezo, na mwisho wa mwaka anawageuzia mifuko: mnaona, faida hakuna. Asilimia kumi ya hakuna ni hakuna. Ombeni asilimia ya mapato ghafi, yaani umeme uliouzwa kabla hakijakatwa kitu. Mita ya umeme haina mama wa kumlipa riba. Asilimia moja na nusu ya mapato ghafi inaweza kuwafaa kuliko kumi ya faida, na ndiyo maana mtapewa kumi kwa tabasamu na moja na nusu kwa taabu.

Linganisheni pia na rasilimali nyingine. Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 imeuwekea mvuke wa jotoardhi mrabaha, yaani malipo ya kuitumia rasilimali, na katika mrabaha huo kaunti ina fungu lake na jamii ya pale ina asilimia 5 yake. Mvuke una mwenyewe kwa sababu unatoka chini. Upepo unapita juu, basi unaambiwa ni wa Mungu. Nami nakubali ni wa Mungu, ila mnara umesimama kwenye malisho yangu.

Na mwisho wa maisha ya mtambo. Mtambo unaishi miaka 20, 25, ukitunzwa vizuri unazidi hapo. Mitambo mikubwa ya siku hizi kila mmoja umekalia mamia ya mita za ujazo za zege na nondo chini ya ardhi. Nani atang'oa? Mkataba utasema kampuni. Kampuni ipi? Ileile ya mradi mmoja, ambayo siku hiyo itakuwa haina mali nyingine isipokuwa vyuma vilivyochakaa. Dhamana ya kubomoa iwekwe benki tangu miaka ya mwanzo, wakati mapato bado yapo, na ijulikane ni kina gani zege litatolewa. Kukata mnara usawa wa ardhi na kufukia kisiki kwa udongo si kuondoa.

Kuna kijana ameniandikia kikaratasi hapa: "Je, pana mahali popote mambo yalikwenda vizuri?" Papo. Nje ya jiji la Copenhagen, baharini, kuna mstari wa mitambo 20 unaoitwa Middelgrunden, ulikamilika mwaka 2000, megawati 40. Nusu yake ni ya chama cha ushirika chenye maelfu ya wanachama, watu wa kawaida walionunua hisa. Na mwaka 2009 Denmark ilianza kutumia sheria iliyomlazimu mjenzi wa mtambo wa nchi kavu kuwatolea wakazi wa umbali wa kilomita 4.5 angalau asilimia 20 ya umiliki. Si zawadi, wanunue, lakini watangulie kuulizwa. Mpango huo ulifutwa mwaka 2020. Ulikuwa na kasoro yake, na mtaiona haraka: asiye na fedha ya hisa alibaki na kelele kama kawaida.

Ninachokipenda zaidi ni kidogo. Uskoti kuna kisiwa kidogo kinaitwa Gigha. Mwaka 2002 wakazi, wakati huo watu mia moja hivi, walikinunua kisiwa chao chote kutoka kwa mwenye ardhi. Kisha wakanunua mitambo mitatu ya upepo. Mitumba! Ilikuwa imeshafanya kazi kwingine, kilowati 225 kila mmoja, midogo ukiilinganisha na hii ya leo. Wakaiunganisha na gridi, wakawa wanauza umeme na kutengeneza nyumba zao. Waliipa majina, Imani, Tumaini na Hisani, na kwa pamoja wanaiita Mabibi Wachezao. Ile ya Marsabit na ya Fosen ina namba. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kukaa mezani kuamua kwamba mitambo ipewe majina au namba, lakini ukinionyesha mtambo na jina alilopewa, nitakukisia ni wa nani.

Mwenyekiti amesimama, safari hii saa ameivua mkononi kabisa. Sawa.

Waliokuja na mikataba yao, nitakuwa kwenye meza ile ya pembeni hadi watakapofunga ukumbi. Msianze na ukurasa wa malipo, najua ndio mlioukunja. Fungueni ramani iliyo nyuma. Kila mmoja atafute njia ya mifugo, kisima, makaburi, mahali pa kuanikia nyavu, chochote anachokijua kwa miguu yake. Kalamu nyekundu ninazo. Palipoachwa peupe, chora.